Usafi wa Nyumba Tunayoihama

Miaka michache iliyopita tulihamishwa kutoka kituo kimoja kwenda kingine, tukapewa nyumba iliyoachwa wazi siku mbili tu kabla ya kufika kwetu. Jirani mmoja, mama wa makamo, alikuja kutusaidia kufungua madirisha, akifuatana na mjukuu wake wa miaka mitatu. Sisi tulipokuwa tukihangaika na makufuli na vumbi, mtoto yule alipenya jikoni peke yake, akatoka ameikumbatia chupa ya soda. Nusu ya chupa ilikuwa na maji meupe kama maziwa, nayo imezibwa kwa kipande cha gazeti. Bibi yake alimwona wakati ule ule alipokuwa akiling'oa gazeti kwa meno, akampokonya. Harufu yake ilitosha kutuambia ni kitu gani: ilikuwa sumu ya kunyunyizia mahindi.

Aliyeiacha chupa ile hakuwa mtu mwovu. Alikuwa mtumishi mwenye mke na watoto, aliyepata barua ya uhamisho kwa ghafula, lori likamngoja mlangoni na dereva akapiga honi. Alichukua kilichokuwa na thamani kwake, akaacha kisichokuwa na thamani, akaufunga mlango. Hakumtakia mabaya mtoto yule. Hakujua hata kwamba yupo.

Usiku ule usingizi haukuja upesi, kwani tuliikumbuka nyumba ambayo sisi wenyewe tulikuwa tumeihama juma lile lile. Uani tuliacha pipa la maji ya mvua lisilo na kifuniko. Kabatini tuliacha vidonge vya kila namna, mabaki ya homa zilizopita. Chini ya kitanda hatukufagia. Kwa hiyo somo la leo hatulitoi kama hakimu, bali kama mdaiwa mwenzenu. Nalo ni hili: kuisafisha nyumba tunayoihama ni deni, na mwenye kutudai ni mtu ambaye pengine hatutamwona kamwe, yule atakayeingia baada yetu.

Twaona inafaa kulisema jambo hili sasa, kwani siku hizi watu wanahama sana. Walimu, wauguzi na askari huhamishwa mwaka hata mwaka. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, jamaa nyingi za watumishi zimepakia vyombo vyao na kuacha nyumba zao za Dar es Salaam. Na mijini watu wengi hukaa katika vyumba vya kupanga, kodi ikilipwa kwa miezi mitatu, sita au mwaka; muda ukiisha na maelewano yakikosekana, mkokoteni huitwa.

Visingizio vitatu

Wa kwanza atasema, "Mwenye nyumba alituonea; alipandisha kodi, wala paa hakulitengeneza. Nyumba yake na ibaki vile vile." Twamhurumia, maana wenye nyumba wa namna hiyo wapo, nao wana haki ya kuambiwa makosa yao waziwazi, na ikibidi mbele ya mjumbe au ofisi ya mtaa. Lakini mwenye nyumba hatalala katika chumba kile. Atakayelala humo ni mpangaji mwingine, mtu wa hali yetu sisi, aliyejikusanyia kodi kwa jasho kama sisi. Tukimwachia kunguni, tumelipiza kisasi kwa mtu asiyetukosea.

Wa pili atasema, "Nasi tuliikuta chafu." Basi anayajua maumivu yake kuliko mtu mwingine yeyote. Anakumbuka jinsi watoto walivyokaa juu ya mabunda barazani hata saa mbili za usiku, mama akipiga deki mahali ambapo hakupachafua. Uchafu wa namna hii hupita kutoka jamaa hata jamaa kama deni la ukoo, hata atokee mmoja wa kulikata.

Wa tatu atasema, "Hatuna wakati." Huyu anasema kweli kuliko wenzake, na kwa ajili yake hasa tunaandika. Kazi yote ikirundikwa katika asubuhi ya safari, wakati hautoshi kamwe. Ikianzwa siku saba mbele, hutosha, hata kwa mtu mwenye kazi ya ajira.

Wazee wetu waliosafiri kwa miguu walimkataza msafiri kuichafua kambi aliyolala, kwani huenda akairudia. Walijua jambo ambalo wataalamu walikuja kulieleza baadaye. Mnamo mwaka 1905 daktari Mjerumani Robert Koch alichunguza homa ya papasi katika nchi hii yetu, wakati wa utawala wa Wadachi. Aliwakuta papasi katika vumbi na nyufa za mahali pa kupumzikia misafara. Mdudu huyu hakai mwilini mwa mtu. Huuma usiku kwa muda mfupi, kisha hurudi ufani kujificha, naye huweza kungoja bila chakula hata miaka. Koch aliona tena kwamba vijidudu vya homa huingia katika mayai ya papasi, hata watoto wake huzaliwa nayo. Mwaka huo huo daktari Mwingereza, Joseph Dutton, alikufa kwa homa hiyo huko Kongo alipokuwa akiichunguza. Basi mpagazi aliyelala leo aliachiwa ugonjwa na vumbi la jana. Sakafu za saruji zimewapunguza papasi sana, lakini kanuni haikubadilika: nyumba hutunza kile tulichokiacha, na kumpa mwingine.

Siku saba za kazi

Jambo la kwanza ni kuchagua. Siku saba kabla ya kuhama, vitu vyote vigawanywe mafungu matatu: vya kwenda, vya kutoa, na vya kutupa. Vya kutoa vitolewe vikiwa safi na vizima. Godoro lenye kunguni halitolewi kama sadaka, wala haliachwi kando ya barabara ili maskini aliokote. Huko si kutoa, ni kusambaza. Vya kutupa vipelekwe mahali pa taka palipokubaliwa, wala visisukumwe ndani ya mfereji wa maji ya mvua. Kila masika tunalalamika kwamba mitaa yetu imefurika, na mara nyingi kilichoziba mfereji ni godoro la mtu aliyehama kiangazi. Tena misalaba iliyovunjika na picha takatifu zilizochakaa zisiachwe ukutani wala kutupwa jalalani. Desturi yetu ni kuzichoma moto au kuzizika kwa heshima.

Jambo la pili ni sumu na dawa. Hizi zitafutwe kabla ya kitu kingine chochote: juu ya makabati, chini ya vitanda, stoo, nyuma ya mlango wa choo. Tafuteni sumu ya panya, dawa ya mimea, mafuta ya taa, tindikali ya betri, dawa za kusafishia choo, na vidonge vilivyobaki. Chochote kilichotiwa katika chupa ya soda au ya maji ya kunywa kihesabiwe kuwa hatari kuliko vyote, kwani mtoto husoma umbo la chupa, hasomi maandishi. Sumu isimwagwe chooni, wala kisimani, wala karibu na mto. Iliyo nzima apewe mwenye kuitumia, katika chombo chake chenye maandishi. Isiyojulikana ni nini, aulizwe bwana shamba au bwana afya. Vidonge virudishwe katika zahanati au duka la dawa. Na kama mtoto amekwisha kunywa mafuta ya taa, asilazimishwe kutapika, kwa sababu mafuta huweza kuingia mapafuni na kumdhuru zaidi. Akimbizwe hospitali mara moja, na chupa ichukuliwe pamoja naye ili mganga aione.

Jambo la tatu ni wadudu. Kunguni ni mdudu wa aibu, na kwa sababu ya aibu hiyo watu hunyamaza, na kwa kunyamaza kwao yeye huenea. Tusione aibu, huingia nyumba ya tajiri na ya maskini sawasawa, akisafiri katika mishono ya godoro, maungo ya kitanda, masanduku na viti. Anayehama na kunguni hufanya makosa mawili kwa mara moja: huwaachia wengine nyumbani alimotoka, na huwapeleka wengine nyumbani aingiamo.

Dawa za kupuliza peke yake hazitoshi. Mwaka 1947, huko Hawaii, ilionekana kwamba kunguni hawafi tena kwa DDT, dawa iliyokuwa imesifiwa sana miaka michache tu nyuma yake. Lakini moto mkali hawauzoei. Kitanda kivunjwe vipande, chaga zitolewe moja moja, na maji yanayochemka yamiminwe katika kila ungo na kila tundu la msumari. Shuka na mapazia yachemshwe au yafuliwe kwa maji ya moto. Godoro kulianika juani ni jambo jema, lakini lisitegemewe peke yake, kwani mdudu hukimbilia upande wenye kivuli. Lisuguliwe mishono yote kwa brashi ngumu, na kinachodondoka kichomwe. Kisha kazi hiyo irudiwe baada ya siku kumi au zaidi kidogo, maana mayai yaliyosalia yatakuwa yameanguliwa. Kwa sababu hii wenye kunguni hawawezi kungoja juma la mwisho. Yawapasa waanze mapema. Na kama siku ya kuhama imewakuta kazi haijakwisha, wamwambie mwenye nyumba kweli, ili atie dawa kabla ya kumwingiza mwingine. Kusema hivyo kunauma kidogo, lakini ni haki.

Panya nao wanataka akili. Tundu zao zizibwe kwa saruji iliyochanganywa na vipande vya chupa, na nafaka isiachwe sakafuni. Kinyesi cha panya kisifagiliwe kikavu na kurusha vumbi. Kinyunyiziwe maji yenye dawa kwanza, kisha kizolewe. Panya aliyekufa asishikwe kwa mkono mtupu. Watu wa Lushoto wanalielewa neno hili, kwa kuwa tangu mwaka 1980 waliteswa kwa miaka mingi na tauni, ugonjwa unaoenezwa na viroboto wa panya. Panya akifa, viroboto humwacha na kutafuta damu nyingine iliyo karibu. Kwa hiyo, pakionekana panya wengi wamekufa ovyo bila kutegwa wala kulishwa sumu, watu wa afya waarifiwe upesi.

Kuosha kwa utaratibu

Sasa twaja kwenye kuosha kwenyewe. Wengi huchoka kabla ya kumaliza kwa sababu wanaanza sakafuni. Utaratibu ni huu: kutoka juu kwenda chini, kutoka kavu kwenda maji, na kutoka ndani kwenda mlangoni. Ondoeni kwanza utando wa buibui darini na katika kenchi, kisha vumbi la kuta, vizingiti na nondo za madirisha. Ndipo mfagie. Baada ya kufagia ndipo maji yaingie, na sakafu iwe ya mwisho. Mwenye kudeki ajielekeze mlangoni, asije akajifungia pembeni na kukanyaga alipokwisha safisha.

Jikoni pana kazi kubwa kuliko mahali pengine pote. Masizi ya kuni na ya mafuta ya taa hayatoki kwa maji baridi. Pakeni maji ya moto yenye sabuni nyingi, mngoje kwa muda wa kusali Rozari fungu moja, kisha msugue. Sabuni hutaka nafasi ya kuulainisha mgando wa mafuta. Majivu laini yaliyochekechwa, yakitiwa maji kidogo, husugua sinki na meza ya saruji vizuri, kama bibi zetu walivyosugulia sufuria. Palipo na maji ya chumvi, kama katika visima vingi vya pwani na vya Dodoma, bomba na sinki hufanya ukoko mweupe. Limau lililokatwa nusu huuyeyusha, kwa kuwa ukali wake hula chokaa ile.

Chooni twaomba mtusikilize kwa makini sana. Watu wengi, kwa bidii njema, huchanganya dawa mbili wakidhani nguvu itakuwa mara mbili. Dawa ya klorini, ile ya kung'arishia nguo nyeupe, ikikutana na dawa ya choo yenye tindikali, hutoa hewa ya klorini. Hewa hiyo ndiyo iliyotumiwa vitani kuulia askari karibu na mji wa Ypres huko Ubelgiji mwezi wa Aprili 1915. Katika choo chenye dirisha dogo yatosha kumwangusha mtu. Klorini isichanganywe na limau, wala siki, wala dawa yenye amonia. Na mahali panaponuka mkojo pamwagiwe maji mengi kwanza. Tumieni dawa moja tu, kwa kipimo kilichoandikwa juu ya chupa, mlango ukiwa wazi na watoto wakiwa mbali. Inatosha.

Baada ya hayo, maji. Mapipa, madumu, mitungi na matairi yaliyoko uani yamwagwe yote na kufunikwa kifudifudi. Lakini kumwaga tu hakutoshi. Mbu aletaye homa ya dengi, iliyowatesa wakaaji wa Dar es Salaam mwaka 2014 na tena mwaka 2019, hutaga mayai yake katika ukingo wa chombo, juu kidogo ya maji. Mayai hayo hugandamana na ukuta wa pipa, huvumilia ukavu kwa miezi, na maji yakirudi huanguliwa. Kwa hiyo pipa lisuguliwe ndani kwa brashi, hasa mahali maji yalipofikia. Sisi tulioacha pipa letu wazi tulikuwa hatujui hilo. Sasa tunajua, nanyi mnajua.

Mwisho, kuta. Misumari ing'olewe na matundu yazibwe. Palipochorwa na watoto kwa mkaa paoshwe. Mwenye uwezo apake chokaa chumba kimoja au viwili, akiyalinda macho yake, kwani chokaa mbichi huunguza. Madirisha yote yafunguliwe mchana kutwa ili jua na upepo viingie, hasa kama ndani ya nyumba palikuwa na mgonjwa wa kifua.

Kazi hii ni ya nani?

Tumeona mara nyingi jambo lisilopendeza. Siku ya kuhama, baba hupanda lori pamoja na vyombo, "kusimamia mizigo", na nyuma hubaki mama na msichana wa kazi wakiwa na ndoo moja na kitambaa kimoja, kusafisha nyumba ya watu saba. Kisha nyumba ikisemwa kuwa ilibaki chafu, ni mama anayesemwa. Hii si haki. Nyumba ilichafuliwa na wote, na isafishwe na wote. Baba anaweza kuvunja kitanda na kuchemsha maji ya kunguni. Vijana wanaweza kupanda ngazi na kuondoa utando. Watoto wadogo wanaweza kukusanya misumari na karatasi uani. Tena watoto watajifunza hapo somo ambalo hawalipati katika vitabu, yaani namna ya kumfanyia haki mtu asiyekuwapo. Wakimwona baba yao akisugua pipa ambalo hatalitumia tena, kwa ajili ya watu ambao hawafahamu, hawatasahau.

Nao wanaokaa katika nyumba za vyumba vinavyotazamana kwenye ukumbi mmoja wasisahau ya ushirika. Chumba kikiwa safi na zamu ya choo haikufanywa, deni halijakwisha. Ukumbi, uwanja wa nyuma, karo la kuoshea vyombo na choo cha wote vifanyiwe zamu ya mwisho. Vyombo vya kuazima virudishwe. Deni la maji na la umeme wa pamoja lilipwe, maana mara nyingi mgeni mwema hulala gizani siku yake ya kwanza kwa sababu ya senti za mtu aliyekwisha ondoka.

Nao wenye nyumba tuna neno kwao. Msingoje mpangaji mpya aingie ndipo mtazame. Fikeni siku ya mwisho, mpite chumba kwa chumba pamoja na anayehama, mwandike mlichokiona, na wote wawili watie sahihi. Kama alitoa amana, arudishiwe bila maneno ikiwa nyumba ni njema. Ukuta uliochakaa kwa miaka si kosa la mpangaji. Kioo kilichovunjwa na mtoto wake ni juu yake. Mwenye nyumba anayemdai mpangaji usafi, naye ajue kwamba shimo la choo lililojaa na paa linalovuja ni usafi wa upande wake.

Kabla ya kufunga mlango

Wasomaji wapenzi, twawaomba mfanye jambo moja la mwisho, hata kama mengine yamewashinda kwa haraka ya safari. Vyombo vyote vikiisha pakiwa, na nyumba ikiwa tupu, arudi ndani mmoja wenu, baba au mama, apige magoti katikati ya kila chumba, atazame kwa kimo cha mtoto wa miaka mitatu. Kwa kimo hicho ataona asichokiona mtu aliyesimama: wembe chini ya kizingiti, kidonge kilichobingirika pembeni, waya uliochunika, chupa nyuma ya mlango wa jiko. Aviondoe. Halafu akabidhi funguo zote mkononi mwa mtu, si chini ya jiwe, amweleze ni bomba gani linavuja na ni swichi gani haifai, ndipo aage majirani.

Mtoto yule aliyeikumbatia chupa amekwisha anza shule, naye hakumbuki lolote. Bibi yake anakumbuka, nasi tunakumbuka. Tangu siku ile tumehama mara moja tena, na kabla ya kuondoka tulipiga magoti jikoni kama tulivyowaeleza. Nyuma ya jiko tukakuta kopo la sumu ya panya tuliloliweka wenyewe na kulisahau.

Methali yetu yasema, "Tenda wema nenda zako." Wengi huisema wanapokosa shukrani. Lakini kwa mtu anayehama ina maana wazi kabisa: atende wema, kisha aende zake kweli, lori litie moto, na jina lake lisijulikane. Usiku ule mama mmoja asiyemjua atatandika mkeka sakafuni, awalaze watoto wake, naye alale bila kuogopa.